Ua la Nyuma ya Choo cha Kondo

Siku Polikarpo alipoliona lile ua hakuwa akitafuta ua lolote. Alikuwa akitafuta maji ya kunywa. Jua la Kinondoni mwezi wa pili halina adabu, na yeye alikuwa ametembea tangu asubuhi akiwa na kibanio chake cha mimea mgongoni, mbao mbili nzito zilizofungwa kwa mikanda, katikati yake magazeti ya zamani. Akapiga hodi kwa Mzee Kondo.

"Shikamoo, mzee."

"Mnyamwezi weye, umekuja kuiba nini?" Kondo alijibu kutoka kivulini, bila kuinuka.

Wasishangae wasiojua. Kondo alikuwa Mzaramo, Polikarpo Mnyamwezi wa Tabora, na watu wa makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za wapagazi. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya mkweo, kukunyang'anya kofia, na kucheka kwenye msiba wako, na ukinuna, mwenye makosa ni wewe.

"Naomba maji."

"Maji yapo. Ila Wanyamwezi hunywea nyuma ya choo."

Polikarpo, kwa kutaka kumkomesha, akachukua kata ya maji na kwenda nyuma ya choo kweli. Huko ndiko alikolikuta, ua dogo la buluu lenye umbo la kengele, limeinamisha kichwa, limemea kwenye udongo mweusi wenye rutuba ambayo hatuna haja ya kueleza ilikotoka. Alipiga magoti. Miaka minne alikuwa karani wa mimea katika ofisi moja ya serikali, akichuma, akikausha na kubandika majani kwenye karatasi ngumu, na maua ya kengele ya pwani hii aliyajua yote. Hili lilikuwa na vinyweleo vyeupe kwenye shina, virefu, vya kuonekana bila kioo cha kukuzia. Hakuwahi kuliona.

Maji yakamwagika. Hakuyanywa.

Kesho yake alimleta mkuu wake. Mkuu huyo alikuwa Mwingereza mrefu, mwembamba, mwenye jina ambalo hakuna aliyeweza kulimaliza, kwa hiyo mji mzima ulimwita Bwana Majani, naye aliitika. Bwana Majani alipofika nyuma ya choo alivua kofia, akalala kifudifudi, akaweka jicho kwenye kioo, akakaa hivyo hivyo muda wa kupika ugali. Kondo akaenda kuwaita majirani. Walikuja na watoto wao mgongoni, wakasimama wakitazama nyayo za viatu vya serikali, wengine wakimwombea heri.

"Polikarpo," Bwana Majani alisema alipoinuka, pua ikiwa na udongo, "nadhani hili halina jina."

Hapo ndipo akili ya Polikarpo iliporuka ukuta.

Kwanza lazima mmjue Adelina. Adelina alikuwa binti wa Mzee Kasimiri, mtu wa Ndanda kule kusini, seremala wa siku za kazi na katekista wa siku za ibada. Kasimiri ndiye aliyechonga vile vibanio vya mimea. Polikarpo alipokwenda kuchukua kile cha kwanza alimkuta Adelina akipiga msasa, vumbi la mbao kwenye nyusi, na tangu siku hiyo vibanio vya ofisi vilianza kuharibika mara kwa mara. Mikanda ilikatika. Mbao zilipata nyufa zikiwa zimelala tu kwenye masanduku makavu. Mwisho wake ofisi ile ilikuwa na vibanio kumi na saba kwa karani mmoja, na Adelina alimuuliza kama amefungua duka.

Alimpenda. Hakuna njia nyingine ya kulisema. Alipenda anavyocheka kwa kurudisha kichwa nyuma, alipenda hata anavyomsahihisha hesabu ya misumari. Lakini Kasimiri hakutaka kusikia.

"Nyie Wanyamwezi mnatembea mno," alimwambia. "Kabila zima liko njiani. Nikikupa binti yangu leo, kesho nitamtafuta Tabora, kesho kutwa Kongo. Kuna karani wa bandarini, ana baiskeli, ana koti, hatembei."

"Akiwa na baiskeli si ndiyo anatembea zaidi, mzee?"

Kasimiri hakupenda jibu hilo.

Sasa, jioni ya siku ile ya kioo cha kukuzia, Polikarpo alikwenda karakana akiwa bado na udongo kwenye magoti, akatamka mbele ya baba, binti, na wateja wawili waliokuja kwa ajili ya jeneza, kwamba amegundua ua ambalo ulimwengu haulijui, na kwamba litaitwa Adelina, litaandikwa kwenye kitabu huko Ulaya, na litasomwa na maprofesa.

Wale wa jeneza walipiga makofi. Kasimiri aliweka randa chini. Alikuwa mtu wa maandiko, na kitu kilichoandikwa kilimtisha na kumvutia kwa pamoja.

"Nitakuambia hivi," alisema polepole, akiwa na hakika kwamba anajitoa kwenye tabu kwa werevu. "Siku nitakapoliona jina la mwanangu kwenye karatasi ya serikali, limepigwa chapa, utamwoa. Nakupa mpaka Pasaka ya mwakani. Likiwa halijaja, Jumatatu ya Pasaka nampa karani wa bandari jibu lake."

"Na mie?" aliuliza Adelina.

"Wewe piga msasa."

Adelina alimtazama Polikarpo. "Mie sijakubali wala sijakataa," alisema. "Nyie malizaneni kwanza na majani yenu, ndipo mje mniulize."

Ila alikuwa akitabasamu, na Polikarpo alirudi kwake akiwa hahisi ardhi.

Tatizo lilikuwa moja tu. Bwana Majani alikuwa na sheria zake. Kila mmea uliobandikwa ulikuwa na kikaratasi pembeni chenye sehemu za kujazwa, na kwenye sehemu mbili hakutaka mchezo hata kidogo. Sehemu ya mahali ilipaswa kuandikwa hivi kwamba mgeni aweze kufika hapo bila kuuliza njia. Na sehemu ya jina la wenyeji ilijazwa kwa neno la mwenye shamba mwenyewe, likitoka kinywani mwake, Bwana Majani akisikia, kisha jina hilo ndilo alilolipeleka Ulaya ligeuzwe la Kilatini. Alisema wenyeji waliyaona maua hayo kabla ya mtu yeyote, na si adabu kuwapita. Ilikuwa sheria nzuri. Shida ni kwamba mwenyeji wa ua hili alikuwa Kondo.

Mtu mwingine yeyote angejua la kufanya, angetafuta ua jingine. Polikarpo alimchukua jogoo, tena jogoo mkubwa mwekundu, akafunga na tumbaku ya Tabora kwenye jani la mgomba, akaenda kumwomba mtani wake wema. Mtani! Kuna watu wanaosoma mpaka wanasahau walikozaliwa.

"Mzee wangu," alimwambia, "Bwana akikuuliza ua hili mnaliitaje, sema tu Adelina. Neno moja. Maisha yangu yote yako hapo."

Kondo alimpima jogoo kwa mkono. Alinusa tumbaku. Akaweka mkono kifuani.

"Mwanangu," alisema kwa upole ambao ungemshtua mtu mwenye akili timamu, "hilo tu?"

Kesho yake Bwana Majani alikuja na daftari. Majirani walikuwa wamekwisha kaa, wengine na vigoda vyao. Kondo alitoka ndani amevaa kanzu ya Idi, akipangusa mdomo, na mdomo ule ulikuwa unang'aa mafuta ya jogoo.

"Mzee Kondo," alisema Bwana Majani kwa Kiswahili chake cha kupimapima, "ninyi hapa mnaliitaje ua hili?"

Kondo alilitazama ua. Alimtazama Polikarpo, kaptura yake iliyopigwa pasi, soksi zake zilizovutwa mpaka magotini. Polikarpo aliona kitu kikipita kwenye uso wa yule mzee, akajua, lakini ilikuwa imechelewa.

"Hili?" alisema Kondo. "Hili tunaliita Mnyamwezi."

Majirani walianguka kutoka vigodani.

"Mnya-mwe-zi," Bwana Majani aliandika. "Kwa nini?"

"Kwa sababu asubuhi limelala. Jua likipanda na kazi ikianza, linajikunja. Ukipita na mzigo, linainamisha kichwa kama halikuoni. Lakini sufuria ikigonga jikoni, Bwana, linafunguka lote!"

"Ajabu," alisema Bwana Majani, akiandika kwa furaha. "Huitikia sauti."

Mama mmoja ilibidi ashikwe. Polikarpo alisimama katikati ya kicheko chote kile, masikio yakiwaka. Kununa hakuruhusiwi. Kukana hakuwezekani, maana mwenyeji ameshasema na Bwana ameshaandika. Jogoo ameshaliwa. Alikaa chini, akatoa kalamu, akajaza zile sehemu nyingine za kikaratasi, na sehemu ya mahali aliijaza kwa uaminifu mkubwa, taratibu, neno kwa neno, kama sheria ilivyotaka. Kisha akalilaza ua kati ya magazeti, akakaza mikanda.

"Jogoo alikuwa mgumu," Kondo alimwambia alipokuwa akiondoka. "Safari ijayo leta kuku jike."

Mmea ukaenda melini. Polikarpo hakuthubutu kumweleza Kasimiri. Lakini Kinondoni si mahali pa kuficha kitu kilichosemwa mbele ya vigoda kumi na viwili, na kabla ya Jumapili habari ilikuwa imefika kanisani. Akipita barabarani watoto waligonga sufuria. Karani wa bandari alianza kupita karakana na baiskeli yake, akipiga kengele bila sababu.

"Kwa hiyo badala ya Adelina," alisema Adelina, "umejipeleka Ulaya mwenyewe."

"Si mimi! Kondo!"

Alicheka mpaka akakaa kwenye vumbi la mbao. Polikarpo alitaka kukasirika, lakini alishindwa.

Barua ilikuja mwezi wa tisa. Bwana Majani aliisoma mara mbili, akamwita Polikarpo mezani, akamkalisha kwenye kiti, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Kuna habari mbaya," alisema. "Ua hili lina jina tayari. Mjerumani mmoja, daktari, alilichuma Kimbiji mwaka elfu moja mia nane tisini na saba, akaliandika kitabuni. Na sheria ya mimea ni moja, jina la kwanza kupigwa chapa ndilo jina, hata likiwa baya, mpaka mwisho wa dunia."

Moyo wa Polikarpo ulishuka mpaka kwenye soksi. "Ni jina gani, Bwana?"

Bwana Majani alikohoa. "Kampanula, maana yake kakengele. Hilo ni la ukoo. Halafu jina lake lenyewe." Akageuza karatasi ili Polikarpo asome mwenyewe.

Mnyamwezi.

Polikarpo alilisoma mara tatu. Siku hiyo hakula. Baada ya kazi alivuka mtaa kwa mtaa mpaka kwa Kondo, akamwonyesha karatasi, akamuuliza ni uchawi gani huu.

Kondo aliitazama karatasi. Alikaa. Alikuna kichwa.

"Baba yangu alikuwa mtu wa Kimbiji," alisema mwishowe. "Mie nilizaliwa huko. Alikuwepo Mdachi mmoja mwenye ndevu, akiokota majani, na wapagazi wake walikuwa Wanyamwezi watupu. Mie nilidhani nimelitunga mwenyewe lile neno. Kumbe nimelisikia kwa baba. Mzee yule! Kawatania wapagazi mbele ya Mdachi, na Mdachi kaandika!"

Akaanza kucheka, kisha macho yakajaa machozi, kisha akacheka tena huku akiyafuta kwa kanzu. Polikarpo naye, ambaye maisha yake yalikuwa yameharibika, akajikuta anacheka pamoja naye. Walicheka mpaka mke wa Kondo akatoka kuuliza nani kafa.

Lakini barua ilikuwa na ukurasa wa pili. Wale wataalamu wa Ulaya walikuwa wameviona vile vinyweleo vyeupe. Ua la Kimbiji halikuwa navyo. Kwa hiyo walisema la Kinondoni ni Mnyamwezi, ndiyo, ila ni Mnyamwezi wa aina yake, na aina hiyo inahitaji jina la tatu nyuma ya yale mawili. Kwa kuwa jina la wenyeji limekwisha tumika, aliyelichuma achague.

"Wewe ndiye uliyeliona," Bwana Majani alimwambia asubuhi iliyofuata, akamsogezea karatasi tupu. "Andika neno moja."

Polikarpo alishika penseli. Mtadhani aliandika Adelina mara moja. Hamjui utani ni kitu gani. Mtani aliyekuaibisha mbele ya vigoda kumi na viwili ni lazima alipwe, la sivyo umeshindwa wewe, baba yako na Tabora nzima, na hapa mbele yake kulikuwa na nafasi ambayo hakuna Mnyamwezi aliyewahi kuipata, ya kumbandika Mzaramo kwenye ua lenye nywele, lililoota chooni, mpaka mwisho wa dunia. Mkono wake uliandika "kondo". Aliutazama. Lilikuwa neno tamu mno. Alikaa nalo dakika nzima, akilifurahia. Kisha akafikiria nyusi zenye vumbi la mbao, akavuta pumzi, akachukua kifutio.

Safari hii hakumwambia mtu. Alingoja. Krismasi ikapita. Kwaresima ikaingia, meli zikaja na kuondoka. Kasimiri alianza kumwita karani wa bandari "mwanangu". Polikarpo alikonda, akaacha hata kuvunja vibanio.

Jumamosi Kuu, mchana, Bwana Majani alitokea karakana mwenyewe, kwa miguu, akiwa na kijitabu mkononi. Nyuma yake alikuwa Polikarpo, na nyuma ya Polikarpo alikuwa Kondo, ambaye hakualikwa na mtu ila alisikia kuna kitu cha kusomwa. Kasimiri alikuwa akisafisha kinara cha mshumaa wa Pasaka. Adelina aliweka msasa chini.

"Ni karatasi ya serikali?" Kasimiri aliuliza.

"Ndiyo," alisema Bwana Majani. "Imepigwa chapa."

Kasimiri alivaa miwani yake. Alisoma polepole, akifuata kwa kidole, kwa ile sauti yake ya kanisani.

"Kampanula... mnyamwezi... adelina."

Kondo alinyoosha shingo achungulie.

"Limo," alisema Polikarpo.

"Naona kuwa limo!" Kasimiri alisoma tena. Kidole kilisimama. "Lakini kwa nini hili liko mbele yake? Kwa nini mwanangu yuko nyuma ya Mnyamwezi?"

"Ndivyo mpangilio ulivyo," alieleza Bwana Majani kwa subira. "Mnyamwezi ndilo kubwa. Adelina ni wa Mnyamwezi. Yumo ndani yake."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipopigwa chapa."

"Lifutwe. Watenganishwe."

"Haiwezekani, mzee. Kwa sheria ya mimea, hakuna mwenye mamlaka ya kuwatenganisha. Hata mfalme."

Kasimiri alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaangalia tena. Walikuwa bado wako pamoja. Mtu aliyekuwa akifundisha kila mwaka kwamba kilichofungwa kisifunguliwe alikuwa amekosa pa kukimbilia, naye alilijua hilo. Akaketi kwenye jeneza la mteja.

Kondo alipiga kofi paja lake. "Baba yangu ndiye mshenga!" alipaza sauti. "Kawaozesha hawa kabla hawajazaliwa! Nadai jogoo wa pili!"

"Endelea kusoma, mzee," alisema Polikarpo kwa upole. Ulikuwa ni upole ule ule wa Kondo siku ya jogoo, na Kondo, ambaye aliujua, aliacha kucheka. "Mstari wa chini. Mahali."

Kasimiri alisogeza kidole. Ulikuwa kwa Kiingereza, lakini katikati ya Kiingereza yalikuwepo maneno ambayo wataalamu wa Ulaya hawakuyaelewa, na kwa kuwa hawakuyaelewa waliyaacha kama yalivyoandikwa kwenye kikaratasi.

"'Kinondoni,'" alisoma, "'hatua sita nyuma ya choo cha Kondo, upande unaovuja.'"

Kasimiri alirudia mstari huo bila kuombwa. Kisha, pale juu ya jeneza, mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kilichomtoka hakikuwa cha Kwaresima hata kidogo.

"Kiko Ulaya?" Kondo aliuliza. "Choo changu?"

"Katika maktaba zote kubwa," alisema Bwana Majani, akidhani anampongeza.

"Kitafutwa lini?"

"Hakifutwi."

Kondo alimtazama Polikarpo. Kisha akavua kofia yake ya kiua na kumvisha Polikarpo kichwani.

"Mnyamwezi weye," alisema kwa heshima.

Polikarpo hakuwa akimsikia vizuri. Alikuwa amegeukia kule kwenye msasa, kofia ya watu ikimfunika sikio moja, na maneno yote aliyoyapanga kwa mwaka mzima yalikuwa yamemtoka.

"Tumemaliza na majani," alisema. "Sasa nakuuliza wewe."

Adelina alichukua kijitabu mkononi mwa baba yake. Alisoma mistari yote miwili, jina na mahali, bila haraka, huku watu wanne wakiwa wameshikilia pumzi. Akakifunga, akakipangusa vumbi la mbao, akampa Polikarpo.

"Nakubali," alisema. "Ila maua ya harusi tutachuma kwingine."